Mkono Mtupu wa Upepo

Orfelina, mdogo wangu,
barua yako imefika na unyevu wake:
wino umetambaa, bahasha imevimba
kama mkate uliosahauliwa kabatini.
Huko kwenu Aisén hata karatasi hulowa kabla haijasomwa.

Mimi nakuandikia nyuma ya milima,
penye vumbi linalopenya hadi ndani ya saa ya ukutani,
na kondoo mia mbili na kumi,
na mmoja kiwete nisiyemhesabu.
Siku moja tu kwa lori, wewe na mimi,
na wewe waoza kwa maji, mimi nakauka.

Na upepo ni uleule.
Hilo ndilo linalonikereketa.
Uleule wa magharibi, usiojua Jumapili,
unaotoka Pasifiki umejitwisha bahari,
ukaparamia milima, ukapoa, ukaishiwa nguvu,
ukautua mzigo wote juu ya bati lako,
juu ya kuni zako zisizoshika moto, juu ya kuvu la ukutani.
Kisha unavuka kilele, mwepesi,
unateremka kwangu kwa kasi ya mtu aliyekwisha lipa deni.
Mkono mtupu haulambwi, walisema.
Huu wa kwangu hunizaba nao vibao.

Dalili ya mvua ni mawingu?
Njoo uyaone yangu:
yamepangwa juu ya vilele kila asubuhi,
meupe, ya mviringo, yametulia,
sahani za wageni
zisizoshushwa hata siku ya harusi.

Mwezi wa tatu alikuja binti mmoja kutoka Chubut,
Nerys, uzao wa wale Waweli,
na mashua ya mpira, na bomba refu kuliko nyumba.
Akalizamisha ziwani, akalivuta, akanitolea tope
refu, limekaza, lanuka yai,
akalilaza juu ya mlango niliomng'olea bandani.
Akasema: soma, mama.
Nikasema: macho yangu hayasomi hata magazeti.
Akanishika kidole akakipitisha:
hapa kijivu, hapa kahawia, hapa mstari mweusi wa majivu ya volkano,
na hapa, chini, miaka elfu tisa chini,
chavua ya miti.
Miti, Orfelina! Hapa kwangu, pa nyasi za miiba!

Akaniambia upepo wa magharibi uliwahi kulegea.
Ndipo Atlantiki, jirani tusiyemjua,
akapiga hodi mlango wa nyuma na debe lake la maji,
na msitu ukashuka bondeni taratibu, ukakaa.
Na upande wa pili? nikamuuliza. Kwa mdogo wangu?
Akasita. Akafuta tope kwenye suruali.
Huko, akasema, maziwa yamejaa makaa. Misitu iliungua.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini —
nimeisema methali hiyo maisha yangu yote.
Kumbe mla jana ana daftari,
na ameandika kila kijiko.

Sasa mwisho wa barua yako, pembeni, kwa herufi ndogo,
waniambia kwamba mwezi wa kwanza
mvua ilinyamaza usiku kumi na moja
na wewe ukakesha,
ukilisikiliza bati lisilosema kitu.
Huniambii uliogopa.
Nimeisoma sentensi hiyo mara nne.
Nerys alinionya: usiku kumi na moja si ushahidi wa lolote,
tope huhesabu kwa karne.
Najua. Lakini mimi si tope.

Nifurahi? Nikifurahi nimekutakia moto.
Nisipofurahi, ninawaongopea kondoo.

Jana usiku nililitoa karai la mama,
lile lililokinga matone kati ya vitanda vyetu,
ulilolilia tulipogawana, na mimi nikakatalia
ingawa huku halina kazi ila kukandia unga.
Nimeliweka uani, wazi, chini ya anga.
Asubuhi lilikuwa na vumbi, na unyoya mmoja.
Na yule kiwete nisiyemhesabu
alikuwa amepiga magoti mbele yake,
akililamba.